Kabla hujaweka boti kwenye bwawa la shamba, angalia utoro (njia ya kutolea maji ya ziada)

Siku hizi kila kona mtu ana bwawa. Mwenye shamba anachimba la kumwagilia nyanya au maua, baada ya muda anaweka perege, halafu watoto wa ndugu wanakuja Desemba wanataka kuogelea, rafiki analeta kaboti ka faiba, mara kuna banda la nyama choma na hema za kukodisha wikendi, na bwawa la umwagiliaji limeshageuka sehemu ya starehe bila mtu yeyote kukaa chini na kuamua hivyo. Mi sina tatizo na hilo hata kidogo, maji ni raha na mtu ana haki ya kufurahia alichokijenga. Ila swali ambalo kila mgeni anauliza akifika, "hili bwawa liko salama?", lina maswali matatu ndani yake, na ukiyajibu kwa mkupuo mmoja unajidanganya.

Kuna swali la tuta, kama litasimama mvua kubwa ikija. Kuna swali la anayeingia majini, kama atatoka mzima. Na kuna swali la watu wanaoishi bondeni chini ya bwawa, ambao hawajawahi kualikwa kwenye hiyo nyama choma na pengine hawajui hata bwawa lina maji kiasi gani. Wenye mabwawa wengi wanaishia hapo katikati: wananunua majaketi okozi, wanapigilia kibao cha kukataza watoto, basi, kazi imeisha. Lakini tuta na bonde ndiyo maswali yanayoweza kuondoka na kijiji kizima usiku mmoja, na kibaya zaidi ni kwamba vile vitu vidogo tunavyofanya ili bwawa lipendeze kwa wageni, mara nyingi ndivyo hivyohivyo vinavyolimaliza tuta.

Hii si nadharia. Kisa kinachoonyesha vizuri kuliko vyote ni cha zamani, cha Pennsylvania huko Marekani. Bwawa la South Fork lilijengwa na serikali ya jimbo kwa ajili ya mfereji wa meli, likakamilika mwaka 1853, halafu reli ikaja, mfereji ukakosa kazi, bwawa likauzwa. Katika kupita mikono, mapaipu ya chuma yaliyokuwa chini ya tuta ya kupunguzia maji yaling'olewa yakauzwa kama chuma chakavu, na tangu hapo hakukuwa na njia ya kushusha maji hata ungetaka. Mwaka 1879 likanunuliwa na klabu ya matajiri wa Pittsburgh, Andrew Carnegie na Henry Clay Frick walikuwa wanachama, wakaligeuza ziwa la kuvulia samaki na kuendeshea boti. Sasa angalia walichofanya. Walishusha kimo cha tuta kidogo ili barabara ya juu yake iwe pana na magari ya farasi yapite vizuri. Wakaweka wavu wa chuma kwenye utoro ili samaki waliowanunua kwa pesa wasitoroke. Mapaipu hawakuyarudisha. Injinia mmoja wa kampuni ya chuma kule Johnstown, mji uliokuwa bondeni kilomita kama 23, alikagua akaonya, akajibiwa kwamba hakuna hatari yoyote. Tarehe 31 Mei 1889 ikanyesha mvua kubwa sana, wavu ukaziba kwa takataka, maji yakapita juu ya tuta, tuta likaondoka, na watu 2,209 wakafa. Klabu haikuwahi kulipishwa fidia na mahakama.

Soma tena hiyo orodha: barabara nzuri juu ya tuta, wavu wa samaki, maji yamejaa pomoni muda wote ili boti ziende. Ni yaleyale nayaona kwenye mashamba yetu leo.

Kwa hiyo tuanze na utoro, manake hapo ndipo uhai wa bwawa la udongo ulipo. Utoro ni ile njia ya pembeni ya kupitishia maji ya ziada, wengine wanaita spilwei, ambayo inatakiwa iwe chini kuliko juu ya tuta ili bwawa likijaa maji yatoke hapo kwa adabu na yasipite juu ya udongo. Tuta la udongo linaweza kubeba maji miaka hamsini upande wake wa ndani, ila haliwezi kuvumilia maji kupita juu yake. Yakishaanza kupita yanakula udongo upande wa nyuma, kuanzia chini kwenye mguu, yanarudi yakipanda juu kama ngazi, yakifika kileleni mdomo unafunguka na kila tone linalotoka linapanua mdomo zaidi. Kati ya kuanza kupita na kupasuka inaweza kuwa chini ya saa moja.

Watu wengi wanadhani bwawa lao ni dogo kwa hiyo hayo ni ya wengine. Tupige hesabu pamoja. Bwawa la hekta moja, yaani ekari mbili na nusu, lenye kina cha wastani mita 3, lina mita za ujazo 30,000, na mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja, kwa hiyo umekaa juu ya tani 30,000 zinazosubiri. Sasa eneo linaloliletea maji, tuseme ni kilomita moja ya mraba tu, mvua ya milimita 50 ikipiga jioni moja (mvua ambayo kwa masika si ajabu kabisa) na nusu yake ikatiririka, unaletewa mita za ujazo 25,000. Karibu bwawa zima jipya, jioni moja. Yakija ndani ya saa tatu ni wastani wa mita 2.3 za ujazo kila sekunde, na utoro wa kawaida ukiwa unapitisha maji ya kina cha sentimita 30, kila mita ya upana inatoa kama robo tu ya mita ya ujazo kwa sekunde. Maana yake unahitaji utoro wa upana wa mita 9 kwa huo wastani peke yake, na mvua haiji kwa wastani, kilele chake kinaweza kuwa mara mbili. Halafu unaenda shambani kwa mtu unakuta utoro wa mita mbili, umewekewa wavu wa kuku ili perege wasiondoke, na juu yake kumejengwa kidaraja cha kupigia selfi. Hapo hata sihitaji kuona tuta.

Samaki wanaweza kuzuiwa, sisemi uwaache. Kama lazima uweke kizuizi, kikae mbali ndani ya bwawa mbele ya mdomo wa utoro, kiwe kipana sana na matundu makubwa, kiweze kuanguka au kutolewa haraka, na msimu wa mvua kitolewe kabisa. Samaki ukiwapoteza utanunua vifaranga wengine. Na utoro usizibwe na gunia za mchanga ili "kuongeza maji kidogo" kabla ya wageni wa Pasaka, hii tabia ipo sana, mtu anapandisha kina kwa nusu mita, ambayo ndiyo nusu mita iliyoachwa makusudi na aliyejenga kama nafasi ya mawimbi na mafuriko. Kwenye kisiwa cha Kauai, Hawaii, bwawa la udongo la mtu binafsi linaloitwa Ka Loko lilipasuka tarehe 14 Machi 2006 watu 7 wakafa, na uchunguzi ukaelekeza kwenye utoro ambao ulikuwa umefukiwa.

Tuta lenyewe nalo lina mambo yake. Lile la udongo mzuri linajengwa kwa tabaka nyembamba za sentimita 15 hadi 20, kila tabaka inamwagiwa maji na kushindiliwa, katikati udongo wa mfinyanzi, na chini kuna mtaro uliochimbwa mpaka udongo mgumu ili maji yasipite chini kwa chini. Buldoza likisukuma tu udongo ukarundikana halafu likapita mara mbili juu, hilo ni rundo. Mteremko wa upande wa maji kawaida ni mita 3 kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kimo, upande wa nyuma 2 au 2.5. Ukiona nyuma kumesimama wima hivi kwamba huwezi kushuka bila kushika nyasi, jua mjenzi alibana udongo ili kuokoa dizeli.

Halafu kivuli. Kila mwenye sehemu ya pikiniki anataka miti, na sehemu yenye upepo mzuri ni juu ya tuta, basi anapanda mikaratusi au miembe pale. Mizizi inatafuta maji, inaingia ndani ya tuta, na siku mti ukifa au ukikatwa mizizi inaoza inaacha mashimo ambayo ni mapaipu ya bure. Upepo ukiuangusha mti mkubwa unaondoka na kipande cha tuta kwenye mizizi. Kinachotakiwa pale ni nyasi fupi, ukoka unafaa kabisa, zinashika udongo na zikifyekwa unaona kila kitu: shimo la fuko, njia ya ng'ombe, kichuguu. Mchwa jamani tusiwachukulie poa, kwenye nchi zetu wanatoboa tuta kimyakimya na kichuguu juu ya tuta ni cha kuchimbua mpaka mwisho na kushindilia upya, siyo kusawazisha juu juu. Miti ya kivuli pandeni kwenye kingo za asili, mbali na mguu wa tuta.

Bwawa la Kelly Barnes huko Toccoa, jimbo la Georgia, Marekani, lilikuwa la chuo kimoja cha Biblia, lilishaacha kuzalisha umeme na kubaki ziwa la burudani. Lilikuwa na mteremko mkali nyuma na miti imeota juu yake. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Novemba 1977 liliachia na watu 39 wakafa, wengi ni wanafunzi na familia zilizokuwa zimelala kwenye makazi ya chuo chini yake. Baada ya hapo ndipo rais Carter akaagiza mabwawa ya watu binafsi yenye hatari yakaguliwe. Lilikuwa na kimo cha mita kama 12 tu, na hapa kuna kitu cha kuelewa. Kwenye hesabu za chama cha kimataifa cha mabwawa makubwa, "bwawa kubwa" kwa kawaida linaanzia mita 15. Kwa hiyo mainjinia, bajeti na wakaguzi wanaelekea huko juu, na haya ya mita 6, 8, 12 yanabaki mikononi mwa mtu mmoja na fundi wake. Udogo wa bwawa haupimwi kwa kimo, unapimwa kwa kuangalia nani analala chini yake.

Solai ndiyo kidonda chetu. Tarehe 9 Mei 2018, mvua za masika zikiwa zimepiga wiki nyingi, bwawa la Patel kwenye shamba la mtu binafsi kaunti ya Nakuru lilipasuka kama saa mbili usiku, watu wakiwa nyumbani wanakula au wanajiandaa kulala. Walikufa watu wasiopungua 47, wengi wao watoto na akina mama. Mamlaka ya Rasilimali za Maji ya Kenya ikasema baadaye kwamba mabwawa ya shamba lile hayakuwa na vibali, na Julai mwaka huohuo watu kadhaa, wakiwemo maafisa wa serikali, wakashtakiwa kwa kuua bila kukusudia, kesi ambayo ikaja kuvutana miaka. Kinachoniuma mimi ni kwamba wale waliokufa hawakuwa na njia yoyote ya kujua. Hakukuwa na king'ora wala simu ya kuwaambia leo maji yamepanda, hameni usiku huu. Michigan, Marekani, mwaka 2020 bwawa la Edenville, nalo la kampuni binafsi, lenye utoro ambao wakaguzi walishasema hautoshi, lilipasuka tarehe 19 Mei na zaidi ya watu 10,000 wakawa wamehamishwa, hakufa hata mmoja. Mvua kubwa ilikuwepo kote kuwili, tuta bovu kote kuwili, tofauti ni kwamba kule mtu alipiga simu mapema.

Tena maji hayahitaji hata bwawa rasmi. Mai Mahiu, hapo Kenya, alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024, mwanzoni wote tulisikia bwawa limepasuka, baadaye Wizara ya Maji ikasema ni kalvati ya chini ya reli iliyoziba kwa takataka, maji yakajikusanya nyuma ya tuta la reli mpaka likaachia, watu zaidi ya 40 wakafa. Kwa hiyo na wewe ukiwa na barabara ya shamba inayokatiza kibonde, yenye paipu moja dogo chini, una bwawa ambalo hulijui.

Kisheria wengi wanadhani "ni shamba langu, maji ya mvua, nani ataniuliza". Utaulizwa. Kenya Sheria ya Maji ya 2016 inataka kibali kabla ya kujenga na kuhifadhi maji ya kiwango hicho, Tanzania ni Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 na unaanzia Bodi ya Maji ya Bonde lako, yapo mabonde tisa, na michoro lazima iwe ya injinia anayetambulika. Lakini hata ukiwa na kibali mkononi kuna kanuni ya zamani tuliyorithi kutoka sheria ya Kiingereza, kesi ya Rylands na Fletcher, iliyomalizika mwaka 1868, na ilihusu nini? Bwawa la mtu binafsi huko Lancashire lililovujia kwenye mgodi wa jirani. Mahakama ikasema ukileta na kurundika kwenye ardhi yako kitu ambacho kikitoroka kitaleta madhara, kikitoroka ni juu yako, hata kama hukuzembea. Na yule mgeni aliyelipa kiingilio akaumia, hilo ni dai lingine la pembeni, Kenya kuna sheria nzima ya wajibu wa mwenye eneo kwa wanaoingia. Kabla hujaanza kuchukua hata shilingi mia mlangoni, ongea na wakala wa bima umwambie wazi kuna maji, boti na pombe.

Sasa twende kwa anayeingia majini, manake Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021 na sehemu kubwa ni watoto. Bwawa la shamba lina hila zake. Udongo wa tuta mara nyingi ulichimbwa humohumo ndani, kwa hiyo unatembea maji ya kiunoni hatua kumi, ya kumi na moja hakuna chini, ni shimo la eskaveta. Maji ni ya udongo, huoni visiki, kwa hiyo kupiga mbizi kichwa mbele kukatazwe kabisa, hata kwa wazoefu. Karibu na mdomo wa paipu la kutolea maji mtu asisogee wakati valvu imefunguliwa, mvuto wake humshika mtu mzima. Na yale yaliyotandikwa plastiki jeusi zito, ambalo mafundi wanaliita damulaina, hayo ndiyo ya kuogopa kuliko yote, na kwa bahati mbaya ndiyo mengi siku hizi: kingo zinateleza, mtoto akianguka hapati pa kushika hata akiwa anajua kuogelea, na mtu mzima akiruka kumwokoa anabaki naye humo. Ufumbuzi ni wa bei ndogo sana: kamba nene zenye mafundo zishuke kutoka ukingoni mpaka majini kila baada ya mita chache, tairi kuukuu zilizofungwa kama ngazi kwenye pembe, uzio wa kumzuia mtoto wa miaka minne, na geti linalojifunga lenyewe. Fimbo ndefu na dumu tupu la plastiki lililozibwa, lenye kamba, vikae pale pale muda wote, wa kuokoa arushe kitu, asiruke.

Wa boti avae jaketi kabla ya kukanyaga boti, na yenye saizi yake, ya mtu mzima kwa mtoto inamvuka kichwani. Aliyekunywa akae ufukweni. Kama uko karibu na mto mkubwa kiboko na mamba hawahitaji mwaliko, waulize wazee wa pale kabla ya kuuliza fundi.

Na kichocho. Konokono wake wanapenda sehemu za kina kifupi zenye majani, yaani pale pale watoto wanapochezea, vijidudu vinatoka kwenye konokono zaidi mchana jua likiwaka na vinapenya ngozi ndani ya dakika chache. Ondoa majani ukingoni sehemu ya kuogea, jenga choo cha maana mbali na maji (bila mkojo na kinyesi kuingia bwawani mzunguko unakatika), na anayeogelea mara kwa mara apimwe, dawa ya prazikwanteli ipo na inatibu.

Mwenye bwawa azunguke tuta kwa miguu, siyo kwa gari, kiangazi mara moja kwa wiki na mvua kubwa ikinyesha kila siku. Ufa unaokwenda sambamba na tuta, sehemu iliyobonyea, nyasi za kijani peke yake upande wa nyuma wakati kwingine kumekauka, hizo ni simu kwa injinia. Maji yanayovuja nyuma yakiwa meupe safi na kiasi kilekile, yapime kwa ndoo na saa uandike. Yakiwa na tope, tuta linaondoka kutokea ndani, hapo huna wiki, pengine una masaa. Usianze na koleo, anza na simu: nyumba ya kwanza chini ya bwawa, ya pili, shule, mwenyekiti wa kijiji au chifu, namba zote ziwe zimeandikwa ukutani kwa mlinzi na ziwe zimejaribiwa kabla ya mvua. Wakishatoka ndiyo fungua valvu, safisha utoro. Ila wakati wa kawaida, mfano unataka kuvuna samaki, usimwage maji kwa kasi siku moja, udongo wa upande wa ndani unabaki umelowa na mzito huku maji yaliyokuwa yanauegemeza yameondoka, unaporomoka. Shusha taratibu, siku nyingi.

Na wapo waliorithi bwawa la baba, tuta limejaa miti, paipu limeoza, pesa ya injinia hamna na bondeni kumejengwa nyumba ishirini ambazo hazikuwepo enzi zile. Hilo lishusheni kiangazi likiwa karibu tupu, kwa kibali na kwa usimamizi, mkate tuta mpaka chini na kuacha njia pana ambayo kijito kitapita chenyewe. Vidimbwi vya kina kifupi vitabaki, samaki wachache watabaki, na watoto watapata pa kuchezea.